Garbatulla kuna mengi ya kuona, lakini hesabu maji kwanza

Wengi wetu, msomaji, tukisikia neno likizo huwaza Mombasa. Tunaona upepo wa bahari, madafu na watoto wakichimba mchanga. Si vibaya. Lakini Kenya hii ina upande mwingine wenye mchanga mwingi kuliko wa Bamburi na Diani ukiunganisha pamoja, ila bahari ndiyo haipo. Nazungumzia Garbatulla, katika kaunti ya Isiolo, zaidi ya kilomita 100 mashariki ya mji wa Isiolo wenyewe. Njiani utapita Kulamawe, na jina hilo peke yake ni onyo kwa msafiri.

Huenda ukauliza: habari za matembezi zinatafuta nini katika kurasa za afya? Zina mambo mawili. La kwanza, kutembea ni dawa. Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima anahitaji dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na hakuna zoezi rahisi kuliko miguu yako mwenyewe. La pili ni kwamba watu huenda upande ule wakiogopa simba, kisha hurudi na homa wasiyoijua jina, na huipeleka kwa daktari ambaye naye hakuambiwa walikotoka. Mimi ni mmoja wao. Nitakusimulia hapo mbele.

KUNA NINI HUKO?

Tuanzie kusini. Kutoka Garbatulla kuna njia ya kwenda Kinna, mji mdogo wa Waborana ulio jirani ya Hifadhi ya Taifa ya Meru na ya hifadhi ndogo ya Bisanadi. Bisanadi kwa Kiborana ni maji meupe. Ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 600 za vichaka na miamba, na mvua zinaponyesha wanyama wa Meru, hasa ndovu, hutoka na kwenda kulisha huko. Wageni ni wachache mno. Ukitaka kimya kinachokuwezesha kusikia moyo wako ukipiga, utakipata hapo.

Meru yenyewe ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1966 na ina kilomita mraba 870. Vijito vinavyoteremka kutoka milima ya Nyambene vimeipa kijani ambacho hukutarajia baada ya vumbi lote lile. Kuna faru wanaolindwa ndani ya ua, kuna nyati, na kuna kaburi la simba jike mashuhuri kuliko wote duniani, Elsa, aliyelelewa na George na Joy Adamson. Watu hudhani Elsa aliuawa na wawindaji au na simba wenzake. La. Alikufa Januari 1961 kwa babesia, ugonjwa unaoletwa na kupe. Simba mzima, kupe mdogo kuliko punje ya mtama. Kumbuka hilo unapopita kwenye nyasi ndefu ukiwa umevaa kaptura.

Mashariki zaidi, mto Tana unapita katikati ya miamba iliyochongwa na maji kwa miaka na miaka, mahali panapoitwa Adamson's Falls. Ng'ambo yake ni Kora, ambako George aliishi na simba wake hadi alipouawa na majambazi mwaka 1989. Mkewe Joy alikuwa ameuawa mapema, Januari 1980, katika hifadhi ya Shaba.

Shaba, Buffalo Springs na Samburu ziko upande mwingine, karibu na mji wa Isiolo, zote zikinywa kutoka mto mmoja, Ewaso Ng'iro. Mto huu hutoka Mlima Kenya na Nyandarua, ukashuka hadi nchi kavu kama mtu aliyepotea njia. Ukingoni mwake utaona mikoma iliyogawanyika matawi, mamba wakiota jua, choroa wenye pembe kama mikuki, punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba, twiga mwenye mabaka kama wavu, mbuni mwenye shingo ya buluu, na swala twiga anayesimama kwa miguu miwili ili kufikia majani. Ukiacha mamba, wanyama hawa huwaoni Nairobi wala Maasai Mara.

Chini ya Shaba kuna maporomoko ya Chanler, yaliyopewa jina la Mmarekani William Astor Chanler aliyefuata mto huo miaka ya 1892 na 1893 akitafuta ziwa kubwa la Lorian alilosimuliwa. Alilikuta ni kinamasi. Hadi leo Ewaso hupita Merti, ukatapakaa Lorian na kuzama ardhini kabla ya kufika baharini. Maji yaliyo chini ya ardhi huko ndiyo yanayonywesha hata kambi za wakimbizi za Dadaab. Kwa hivyo usimcheke Chanler. Maji yalikuwapo, ila yamejificha.

Kabla ya kutoka, uliza polisi au askari wa wanyamapori kuhusu usalama wa njia, kwa kuwa wizi wa mifugo huzuka. Na ndani ya hifadhi usitembee kwa miguu bila askari mwenye silaha. Hilo halina mjadala.

JUA SI MCHEZO

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mchana, Garbatulla, joto hupita nyuzi 35 bila kukuomba radhi, hasa Februari na Machi kabla ya mvua. Mwili hujipoza kwa jasho. Mtu anayetembea kwa bidii katika jua kama hilo anaweza kupoteza karibu lita moja kwa saa, na kwa kuwa hewa ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona. Utasema, "Mbona mimi sitoki jasho?" Unatoka. Ngozi yako ina chumvi, ilambe uone.

Katika safari yetu tulikuwa na mwenzetu kutoka upande wa Nyandarua, kijana mwenye kifua, anayepanda milima ya kwao bila kuhema. Tulianza kutembea saa nne asubuhi, ambalo ni kosa la kwanza. Alikuwa na chupa moja ya maji, ambalo ni kosa la pili. Kufikia saa sita alikuwa akicheka peke yake. Tukadhani ni furaha. Kisha akaanza kupepesuka kama mlevi, na nilipomshika mkono ulikuwa moto kama sufuria. Mzee wa Kiborana aliyekuwa akituongoza hakusema mengi. "Mlaze chini ya mgunga, mwanangu, na hiyo jerikeni mmwagieni." Yalikuwa maji ya chai yetu ya jioni. Tulimwagia yote, tukampepea kwa shuka, na baada ya nusu saa akauliza tuko wapi.

Mzee yule hakusoma udaktari, lakini alifanya kile ambacho daktari angeamuru. Mtu akichanganyikiwa au kuanguka kwa joto, hiyo ni hatari ya kufa, kwa kuwa joto la mwili limepita nyuzi 40 na ubongo unaumia. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na mpepee bila kukoma. Ukiwa na maji baridi, weka vitambaa vilivyoloa kwapani, shingoni na kwenye kinena. Usimnyweshe kitu asiyejifahamu, maji yataingia mapafuni. Halafu kimbiza gari hospitalini, hata akionekana amepata nafuu. Mpoze kwanza, gari baadaye.

Ni afadhali usifike huko. Tembea alfajiri hadi saa tatu na nusu, kisha pumzika hadi saa kumi jioni, kama wanavyofanya ngamia na watu wenye akili. Kunywa kikombe kimoja cha maji kila dakika ishirini uwapo njiani, bila kungoja kiu. Kwa siku nzima, usitoke na chini ya lita tano kwa kila mtu, na gari libebe akiba. Angalia mkojo wako. Ukiwa na rangi ya majani makavu, u salama. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, kaa chini unywe. Na vaa nguo pana zinazofunika mwili. Tazama wenyeji: hakuna anayetembea kifua wazi.

Maji matupu peke yake, ukinywa ndoo nzima bila chakula, nayo yana madhara, kwa kuwa jasho limechukua chumvi pia. Kula, au changanya maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Onja. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwage uanze upya.

Mwili huhitaji kati ya wiki moja na mbili kuzoea joto. Wewe wa Limuru au Nyahururu, siku mbili za kwanza tembea kidogo tu. Wazee, watoto wadogo, wajawazito, na wanaotumia dawa za shinikizo la damu zinazokojoza wazungumze na daktari kwanza. Na miraa, ambayo njia inakupitisha karibu kabisa na shamba lake, huficha uchovu na hupandisha joto la mwili. Kutafuna huku unatembea juani ni kujidanganya mara mbili.

Neno la adabu: wenyeji wengi ni Waislamu. Ukizuru wakati wa Ramadhani, kunywa maji yako kando, ndani ya gari au hemani. Hakuna atakayekukataza, lakini heshima haiongezi uzito wa mzigo.

Wengine hupenda kupiga hema ndani ya laga kwa sababu mchanga ni laini na kuna kivuli. Usithubutu. Mvua inaweza kunyesha Nyambene wakati kwako nyota zinang'aa, na maji yakakufikia usiku wa manane yakiwa na magogo. Piga hema juu ya ukingo. Mtoni nako usioge mahali ambapo wenyeji hawaogi. Mamba wa Ewaso hawasomi vitabu vya wageni.

WADUDU WADOGO, MARADHI MAKUBWA

Malaria huko huja hasa baada ya mvua, kwa hivyo chandarua ni lazima, na mwulize daktari kuhusu vidonge vya kinga. Lakini kuna jambo ambalo wasafiri wengi wa humu nchini hawalijui. Machi 2022 serikali ilitangaza mlipuko wa homa ya manjano katika kaunti ya Isiolo. Chanjo yake ipo. Sindano moja hutosha maisha kwa watu wengi, lakini huhitaji siku kumi kabla ya kukukinga. Ukichanjwa siku ya kupanda basi, umechelewa. Wajawazito, wenye kinga dhaifu na waliopita miaka 60 wasichanjwe bila ushauri.

La pili ni vichuguu. Utaviona kila mahali, virefu kama mtu, na utatamani kuegemea kimoja jioni ukitazama jua likizama. Picha itakuwa nzuri. Ndani ya matundu yake, hata hivyo, hukaa usubi, wadudu wadogo kuliko mbu na wasiolia sikioni, wanaotoka machweo kutafuta damu. Hao ndio waenezao kala-azar, maradhi ambayo hupatikana Isiolo, Wajir, Marsabit, Turkana, Pokot Magharibi na Baringo. Homa huwa ndefu, mtu hukonda, na wengu huvimba hadi tumbo likajaa upande wa kushoto. Asiyetibiwa hufa. Kinachotatiza ni kwamba dalili huanza miezi kadhaa baada ya kuumwa, wakati umeshasahau kichuguu na hata picha. Kwa hivyo kaa mbali navyo kuanzia saa kumi na mbili jioni, vaa mikono mirefu, paka dawa ya kufukuza wadudu.

Mbung'o wa Meru huuma kwa uchungu na hupenda nguo za buluu na nyeusi. Vaa kaki. Kupe, jikague kila jioni, nyuma ya magoti na kiunoni, na umng'oe kwa koleo ndogo karibu na ngozi bila kumpaka mafuta wala kumchoma kwa kiberiti.

Nyoka wapo: kifutu anayelala njiani bila kusogea, na swila wa kutema mate. Vaa viatu vilivyofunika vifundo, tumia tochi usiku, kung'uta viatu asubuhi kwa sababu ya nge. Aliyeumwa asitembee, mguu ufungwe kwenye ubao usicheze, na apelekwe hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Mate yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi mara moja, na kama maji hakuna, maziwa yatafaa. Garbatulla kuna hospitali ya serikali na ya rufaa iko Isiolo. Ulizia mapema ni wapi penye dawa ya sumu ya nyoka, usisubiri siku ya kuumwa.

MAZIWA YA HESHIMA

Sasa ile homa yangu. Jioni ya siku ile ile ya kijana wa Nyandarua, tulikaribishwa katika boma. Mama wa nyumba alituletea maziwa ya ngamia katika kibuyu kilichofukizwa moshi, baridi, matamu, yenye harufu ya kuni. Wenyeji wetu wametoka jangwani na ng'ombe wao wachache waliosalia baada ya ukame, na bado wanakupa wewe mgeni. Utakataaje? Nilikunywa bakuli mbili.

Wiki tatu baadaye, Nairobi, nilianza kutoka jasho usiku hadi shuka ikaloa. Asubuhi mzima, jioni homa. Mgongo na nyonga zikaniuma kama mzee wa miaka tisini. Katika kliniki ya kwanza niliambiwa ni malaria, nikapewa dawa. Ikarudi. Nikaambiwa ni taifodi, nikapewa dawa nyingine. Ikarudi. Nilikuwa nimepungua kilo saba nilipokutana na daktari mmoja aliyeweka kalamu chini na kuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Bwana, miezi hii miwili umesafiri wapi, na ulikula nini huko?"

Ilikuwa bruselosisi, ugonjwa wa mifugo unaoingia kwa binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa, au kwa kushika damu na kondo la nyuma la mnyama anayezaa. Ni wa kawaida katika nchi za wafugaji, na homa yake hufanana na malaria na taifodi kiasi kwamba wengi hutibiwa hayo mawili mwaka mzima. Moshi wa kibuyu haumwui mdudu wake, na kugandisha maziwa si kinga ya kuaminika. Moto ndio unaomwua. Matibabu ni dawa aina mbili kwa wiki sita. Ukiacha wiki ya pili kwa sababu umepata nafuu, itakurudia, na inaweza kushambulia uti wa mgongo au moyo.

Kuna na homa ya Bonde la Ufa, ambayo huzuka baada ya mvua kubwa na ilithibitishwa Isiolo mapema mwaka 2021. Ukisikia kondoo na mbuzi wanaharibu mimba kwa wingi, usichinje, usishike damu, usile nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe.

Je, ukatae maziwa? Niliporudi Garbatulla mwaka uliofuata nilimweleza mzee yule kwa uwazi yaliyonipata. Hakukasirika. Alimwita mkewe, wakaongea Kiborana, wakacheka kidogo, nadhani kwa gharama yangu. Ikaletwa chai ya maziwa ya ngamia iliyochemka hadi ikafurika sufuriani, yenye sukari nyingi. "Hii ndiyo tunampa mtoto mgonjwa," akaniambia. Kumbe ukiomba chai hujamvunjia mtu heshima. Na nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta, ile wengi wanayoiita nyirinyiri, huliwa bila wasiwasi ikiwa imeiva vizuri.

Kabla hujasafiri, chukua kipande cha karatasi. Andika tarehe ya kwenda na ya kurudi, mahali ulikolala, wadudu waliokuuma, maziwa na nyama ulivyokula na kama vilichemshwa, na chanjo ulizopata. Kiweke pamoja na kitambulisho chako kwa miezi sita. Homa yoyote ikikushika ndani ya muda huo, hata ikiwa ndogo, mpe daktari karatasi hiyo kabla hajakuandikia dawa. Asipouliza, mwambie wewe. Changu bado ninacho, kimechakaa kwenye mikunjo, na safari ijayo nakusudia kufika Lorian mvua zikiisha, nione kama Chanler alikosea.